Mama Mkwe Yuko Wapi? Vichekesho vya Mapenzi kwa Sebule ya Nairobi

Wawili kupendana si hadithi. Hadithi inaanza pale mamake kijana anapomkagua msichana kuanzia viatu kwenda juu, anammiminia chai, halafu anauliza kwa upole wote wa dunia: "Na kwenu ni wapi hasa?" Hilo "hasa" ndilo kichekesho chenyewe. Filamu inayolijua itakuchekesha hata kama picha ni hafifu. Isiyolijua, iwe na magari makubwa, ufuo wa Diani na gauni la kukodi, itakufanya ushike simu kabla ya nusu saa kwisha.

Uhakiki huu unapima kwa kipimo hicho. Kazi zinazopimwa zinatoka Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, na zote zinahusu mapenzi yanayoingiliwa na familia au na kashfa. Nyota hatugawi. Kinachomfaa mtu mwenye Jumamosi moja ni kujua filamu ipi inashika, ipi inalegea, inalegea wapi na kwa nini.

Tuanze na iliyo bora, tusizungukezunguke. The Wedding Party ya 2016, iliyoongozwa na Kemi Adetiba, ndiyo ya kutazama kwanza. Dunni Coker, binti wa Kiyoruba, anaolewa na Dozie Onwuka, kijana wa Kiigbo, na karibu mambo yote yanatokea siku moja, siku ya harusi yenyewe. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, Septemba 2016, kisha ikavunja rekodi ya mapato ya filamu za Kinigeria katika kumbi za nyumbani. Waigizaji wake wawili wakuu, Adesua Etomi na Banky W, walioana kweli mwaka uliofuata. Mpe habari hiyo shangazi yeyote anayedai kwamba filamu ni uongo mtupu, halafu umwachie rimoti.

Siri ya filamu hii ni ile siku moja. Harusi inampa mwandishi vitu vitatu bure ambavyo kwingine angetoka jasho kuvitafuta: mashahidi, mlango uliofungwa na deni. Mashahidi ni muhimu kwa sababu kashfa isiyo na watu wa kuitazama ni ugomvi wa chumbani tu. Mlango umefungwa kwa maana kwamba hakuna awezaye kuondoka bila kuonekana ameondoka: bibi harusi akitoka nje dakika kumi tu, meza nzima inahesabu. Na deni ndilo linalobana kuliko yote. Ukumbi umelipiwa, chakula kimepikwa, sare zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, wageni wamesafiri. Atakayesema "tuahirishe" hazungumzii tena mapenzi, anazungumzia pesa za watu. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi Nairobi haihitaji tafsiri.

Lakini hata siku moja isingetosha bila wale mama wawili. Sola Sobowale anamcheza Tinuade, mamake Dunni. Iretiola Doyle anamcheza Obianuju, mamake Dozie. Jaribu jambo hili: wakiwa wote wawili kwenye fremu, zima sauti kwa dakika moja. Tinuade anaingia na mwili mzima, kilemba kikitangulia, mikono ikizungumza kabla ya mdomo. Obianuju hasogei. Anageuza shingo kidogo tu, macho yanashuka, yanapanda, yanaondoka. Bado hujasikia neno, na tayari unajua nani ametukanwa, nani ametukana, na kwamba aliyetukana atakana. Ukiwa na waigizaji wawili wa namna hiyo hakuna haja ya kuandika utani. Unaweka tu sahani ya chakula katikati yao.

Akina baba nao wana kazi, na hapa ndipo uandishi unapozidi kuwa mzuri. Ndoa mbili za wazee zimewekwa nyuma ya ndoa changa kama vioo. Ya akina Coker ina kelele lakini ina joto. Alibaba Akpobome anamtazama mkewe kama mtu anayejua ameoa radi na hajutii. Ya akina Onwuka imepigwa pasi vizuri na ni baridi kabisa, kwa sababu mzee, anayechezwa na Richard Mofe-Damijo, ana mpango wa kando. Basi mpenzi wa zamani wa Dozie anapojitokeza harusini, Dunni haogopi kivuli. Ameketi ukumbi mmoja na baba mkwe ambaye ni picha ya mumewe baada ya miaka thelathini. Hilo ndilo linaloipa kashfa uzito: swali si kama Dozie alikuwa na wanawake, hilo kila mtu analijua, swali ni kama damu ya babake itajitokeza kwake.

Kasoro zipo. Wahusika ni wengi mno kwa dakika ishirini za mwanzo, na anayechelewa kuketi atauliza "huyu naye ni nani?" mpaka katikati. Andika majina manne tu kichwani, maharusi na mama zao, wengine watajitambulisha wenyewe. Utani mwingine wa pembeni unakaa zaidi ya muda wake, kama mgeni ambaye ameshaaga mara tatu. Kuhusu mwendelezo wake wa 2017, uliopelekwa Dubai na kuongozwa na Niyi Akinmolayan, una vicheko, lakini ukiipeleka harusi mbali na nyumbani ule mlango uliofungwa unafunguka. Watu wanatalii. Mtu anayetalii hana aibu ya kutosha.

Kabla hatujaendelea, kipimo cha pili, kinachosaidia kujua kama filamu itaanguka hata kabla haijaanguka. Tukiite kipimo cha simu moja. Msichana anamwona mpenzi wake akimkumbatia mwanamke mkahawani. Anaondoka akilia. Hapokei simu kwa dakika arobaini za filamu. Mwishowe tunaambiwa mwanamke yule ni dadake. Tatizo hilo lingekwisha kwa simu moja ya shilingi tano, na mtazamaji anajua, ndiyo maana anakasirika badala ya kuhuzunika. Kosa hapo ni kwamba siri haina mwenyewe. Siri inayofaa ina mtu atakayeumia ikifichuka na mwingine atakayeumia isipofichuka, na wawili hao wanakula meza moja.

Muda wake nao una hesabu. Mtazamaji aijue siri ndani ya dakika ishirini za kwanza, ili acheke kila mhusika anapoikaribia bila kujua. Ifichuke mbele ya watu kwenye robo ya mwisho. Ikipasuka mapema, waandishi wanalazimika kubuni kashfa ya pili, na ya pili huwa haina mizizi. Ikipasuka dakika tano kabla ya mwisho, msamaha unakuja mbio na hakuna anayeuamini. Tena anayeifichua asiwe adui. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na katika nyumba zetu kata ni dereva, ni msichana wa kazi, ni mtoto wa miaka sita anayerudia alichosikia jikoni mbele ya wageni. Adui akifichua, tunamchukia adui. Mtoto akifichua, tunacheka huku tumeziba uso, na kicheko cha kuziba uso ndicho tulichokifuata.

How to Ruin Christmas: The Wedding, tamthilia ya Afrika Kusini iliyotoka Desemba 2020, inafaulu kipimo hiki kwa njia ya ujanja. Msimu wa kwanza una sehemu tatu tu, kwa hiyo unakwisha jioni moja. Tumi Sello, mtoto asiyeelewana na familia yake, anarudi nyumbani Krismasi, anakuta mdogo wake Beauty anaolewa katika ukoo wa Twala wenye pesa, anaiharibu harusi, kisha analazimika kuitengeneza. Ona kilichofanyika hapo. Mwenye kashfa ndiye mhusika mkuu. Hatumsubiri mtu mbaya aje kutoka nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii tunatazama tukiwa ndani ya nguo hiyohiyo.

Marehemu Busi Lurayi, aliyefariki 2022, anamcheza Tumi kwa namna inayostahili kutazamwa taratibu. Mcheshi wa kawaida angemfanya mlevi wa kuchekesha. Yeye anamfanya mtu anayejua, nusu sekunde kabla ya kufungua mdomo, kwamba anachotaka kusema kitaharibu mambo, halafu anasema. Ukitazama uso wake wakati wengine wanaongea utaiona hiyo nusu sekunde kila mara. Clementine Mosimane, kama mama yao Dineo, anafanya kinyume chake: anameza. Anameza mbele ya wakwe matajiri, anameza mbele ya ndugu zake, na kila anachokimeza mtazamaji anajua kitatoka, tena kitatoka wakati wageni wamekaa.

Kinachovutia zaidi kwa mtazamaji wa hapa ni tabaka. Akina Twala hawamtukani mtu. Wanakaribisha vizuri mno, na ukarimu wa aina ile ndio unaouma, kwa sababu kila glasi inayowekwa mezani ni kumbusho la glasi ambazo mwenzako hana. Aliyewahi kupeleka ujumbe wa posa kutoka Githurai hadi Runda ataelewa bila manukuu. Lakini manukuu yawashe hata hivyo: lugha zinabadilika katikati ya sentensi, Kizulu, Kiingereza na lugha za Kisotho, na utani mwingi umekaa hasa kwenye ule mpito.

Upande dhaifu ni mapenzi ya Tumi mwenyewe. Khaya, anayechezwa na Yonda Thomas, ni kijana mwema na hiyo ndiyo shida yake, hana anachokificha. Kila anapoingia, hadithi inapumzika. Misimu iliyofuata ni ya msiba, 2021, na ya kumtarajia mtoto, 2022. Wa msiba una nguvu kuliko jina lake linavyoahidi, kwa sababu ileile: matanga nayo yana mashahidi, yana mlango uliofungwa, na yana deni.

Isoken ya 2017, filamu ya kwanza ya Jadesola Osiberu kama mwongozaji, inachukua njia tulivu zaidi. Isoken Osayande, anayechezwa na Dakore Akande, ana miaka 34, ana kazi, ana marafiki, hana mume. Kwenye harusi ya mdogo wake wa mwisho mama anamsukumia Osaze, kijana wa Ki-Edo mwenye kila sifa. Yeye moyo unaenda kwa Kevin, na Kevin ni Mzungu.

Sifa kubwa ya filamu hii ni kwamba mama, anayechezwa na Tina Mba, ana hoja. Hapigi kelele kwa sababu ni mwovu. Amehudhuria harusi za watoto wa wenzake, ametoa michango, ameulizwa lile swali kila Jumapili, na anaona deni lake halilipwi. Na Osaze ana sura, mali na ukoo unaojulikana, yaani mtu ambaye wazazi wengi wangemfungulia geti kabla hajapiga honi. Filamu nyingi za aina hii humgeuza mwanamume anayekataliwa kuwa mkorofi katika dakika ya sabini ili uamuzi uwe mwepesi. Uamuzi ukiwa mwepesi, hakuna kichekesho tena. Kasoro ya Isoken iko upande wa pili: Kevin ndiye mwembamba. Anasikiliza, anatabasamu, anaelewa. Hatujui anakasirishwa na nini, wala mamake mwenyewe angesema nini. Nusu ya kashfa haikuandikwa.

Sasa nyumbani.

Disconnect ya 2018, yenye mkono wa Tosh Gitonga aliyetupa Nairobi Half Life mwaka 2012, inawafuata marafiki wa Nairobi wanaotafuta mapenzi kati ya programu za simu za kuchumbiana, ndoa zilizochoka na mizigo ya zamani. Brenda Wairimu, Nick Mutuma, Catherine Kamau, Pascal Tokodi na Patricia Kihoro wanacheza kwa wepesi unaosikika kweli: wanakatana maneno, wanamaliza sentensi za wenzao, Kiingereza kinaingia na Kiswahili kinatoka kama watu wanavyoongea mezani mjini humu. Kwa mazungumzo ya marafiki, filamu hii haina aibu mbele ya yoyote iliyotajwa hapo juu.

Lakini mama mkwe yuko wapi? Wapenzi wa filamu hii wanaishi kama watu walioshuka kutoka angani wakatua moja kwa moja Kilimani. Kashfa inapasuka mbele ya marafiki, na rafiki ni shahidi mpole: anakasirika leo, kesho mnakula nyama pamoja. Ndiyo maana vilele vya hadithi ni vifupi. Mtu anaudhika, anaondoka na teksi, anarudi. Mlango haukufungwa. Mwendelezo wa 2023, Disconnect: The Wedding Planner, unajengwa kuzunguka maandalizi ya harusi, kwa hiyo saa inahesabu na pesa za watu ziko hatarini, na kwa hilo unasimama vizuri zaidi. Hata hivyo uzito umekaa kwa mpangaji kuliko kwa koo mbili.

Single Kiasi, tamthilia ya 2022 iliyotengenezwa kwa msingi wa Unmarried ya Afrika Kusini, ina wanawake watatu marafiki wa Nairobi na kashfa za kutosha. Hapa usaliti una matokeo, na sehemu nyingi zinaishia pabaya kwa makusudi ili ubonyeze nyingine. Inafanya kazi. Ila ni chungu kuliko inavyotangazwa, kwa hiyo anayetafuta kicheko cha kulalia achague kingine. Plan B ya 2019, ya mwongozaji wa Kinigeria Dolapo Adeleke, yenye Sarah Hassan na Daniel Etim Effiong, ni fupi, nyepesi, na inamfaa anayetaka kumaliza mapema.

Upungufu huu unashangaza kwa sababu malighafi imetujaa mlangoni. Citizen TV ilikuwa na Mother-in-Law tangu 2006, na huyohuyo Catherine Kamau ndiye aliyekuwa Celina humo ndani. Watazamaji walikaa miaka wakimsubiri mama mkwe afungue mdomo. Kisha filamu zetu zikahamia kwenye mikahawa yenye taa za njano, mama akaachwa kwenye runinga.

Chukua ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, peke yake. Ujumbe wa kijana unafika, geti limefungwa. Ndani wanawake wanaimba, nje wanawake wanajibu kwa wimbo, na geti halifunguki mpaka kitu kitoke mfukoni. Wazee wanakaa chini, wanahesabu mbuzi ambao hawapo, kisha mbuzi hao wanageuzwa shilingi, na kuna mjomba mmoja anayekumbuka kwamba dada ya bibi harusi alihesabiwa zaidi. Halafu kijana analetewa wasichana waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wote wamepinda migongo kwa makusudi, amtambue wake. Akikosea, anatozwa faini.

Mwandishi angetaka nini zaidi? Mashahidi mia mbili, geti lililofungwa kwa kufuli, deni lililoandikwa kwenye daftari, na kilele ambacho kimejiandika chenyewe: vipi kama chini ya leso moja yupo yule ambaye kijana aliachana naye mwaka jana, na ni binamu? Vipi kama anamshika huyo kwanza? Kipimo cha simu moja kinafaulu papo hapo, kwa sababu hakuna wa kumpigia, wote wako hapo wanatazama kidole chako.

Au kundi la WhatsApp la kamati. Orodha ya ahadi inanakiliwa na kubandikwa, namba moja hadi sitini, kila mtu anaongeza jina lake na kiasi. Mtu mmoja anabandika orodha ya zamani, majina kumi yanapotea. Shangazi anajitoa kwenye kundi saa tano usiku bila neno. Asubuhi hakuna anayezungumzia pesa, wote wanazungumzia kutoka kwa shangazi. Hiyo ni sehemu nzima ya tamthilia, na gharama yake ni simu nne na kochi.

Basi kwa upande wa kutazama. Kwanza, tafuta jina la filamu kwenye huduma ya filamu mtandaoni kabla ya kuilipia mwezi. Haki za kuonyesha huisha, na filamu iliyokuwapo Januari inaweza kukosekana Juni. Pili, bando. Kwa viwango ambavyo Netflix yenyewe inavitoa, picha ya kiwango cha chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, ya wastani GB 0.7, na ya HD hadi GB 3. Filamu ya saa mbili kwa wastani ni kama GB 1.4. Hiyohiyo kwa HD ni GB 6, na hapo ndipo bando la wikendi linapokwisha huku maharusi bado hawajakata keki. Kiwango hubadilishwa kwa kila jina la mtazamaji ndani ya akaunti, upande wa mipangilio ya uchezaji. Kwenye simu ipo pia njia ya kubana matumizi ya data, ambayo hutoa kama saa sita kwa GB moja. Vichekesho vya mapenzi havidai HD. Nyuso ziko karibu, vyumba vina mwanga, hakuna giza wala vumbi la vita la kuvunja picha.

Ukipakua mapema ili stima ikipotea usikatizwe, kumbuka kwamba filamu nyingine zilizopakuliwa huisha muda saa 48 baada ya kubonyeza kucheza. Usizianze Ijumaa kwa kuonja ukitegemea kumalizia Jumatatu.

Sauti ndiyo inayowaudhi wengi na hawajui sababu. Kwenye filamu za harusi muziki unafunika maneno, unaongeza sauti, ngoma zinaingia, jirani anagonga ukuta. Mara nyingi ni kwa sababu umechagua sauti ya 5.1, iliyopangwa kwa spika sita, kwenye runinga yenye spika mbili tu: mazungumzo yamewekwa kwenye njia ya katikati, nayo huna. Fungua menyu ya sauti na manukuu, chagua ile isiyo na 5.1, maneno yatarudi mbele. Na kama picha inaonekana laini mno, kama kipindi cha mchana, zima kwenye runinga ule mpangilio unaolainisha mwendo, au chagua hali ya sinema. Utani wa macho, ule wa Obianuju, hufa picha ikilainishwa.

Mwisho, nani ataketi kwenye kochi. Alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, yaani GE kwa wote, PG, 16 na 18, zinakwambia umri. Hazikwambii aibu. Filamu ya 16 inaweza kuwa na dakika moja tu ya kitandani, na dakika hiyo, ukiwa umeketi kati ya baba mkwe na mchungaji wake, ni ndefu kuliko filamu yote. Huduma nyingi huandika sababu ya alama pembeni mwake. Ukiona neno ngono, tazama peke yako kwanza, ujue inaanzia dakika ya ngapi, uipange hiyo iwe dakika ya kwenda kuongeza chai.

Kwa wakwe, weka The Wedding Party. Isoken mtazame na mama, kama mko na ujasiri wa kuzungumza baadaye. How to Ruin Christmas ni ya ndugu, hasa wenye mmoja ambaye hayuko kwenye kundi la familia. Disconnect iwe ya Ijumaa na wenzako wa kazini. Single Kiasi subirini wakwe waondoke, gari litoke getini, ndipo mbonyeze.